Siku Niliyogeuka Manjano kwa Ajili ya Kaka

Kaka yangu mkubwa ana masikio mawili. La kulia linasikia. La kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu tukiwa watoto, na familia ililichukulia kama tabia yake, jinsi watu wengine wanavyokoroma. Mvua ikianza, sikio lilivuja. Kiangazi kikifika, lilinyamaza. Mama alilitia mafuta ya uvuguvugu, baadaye shangazi, baadaye mke wake kule Luberizi uwandani, na kipande cha pamba kilikaa humo muda mrefu hata tukasahau kwamba hakuzaliwa nacho. Kaka analima mpunga. Alikuwa akisema mpunga hauhitaji masikio mawili.

Alipanda Bukavu kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yangu wa mwisho. Barabara ya kutoka uwandani ilikuwa imekubali kupitika siku hiyo, akafika kwangu Nyalukemba na mchele wa sherehe na maumivu ya kichwa. Nilimpa vidonge na maoni. Mimi ni mtu wa chuo kikuu: nafundisha saa chache, naandika makala, na sijawahi kukutana na ugonjwa nikakosa maoni. Nilimwambia ni jua.

Baada ya misa tulikaa mezani, ukoo mzima. Mke wangu alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, samaki, ugali na ndizi. Kaka alimaliza sahani ya kwanza, akachukua ya pili, kisha akainua mkono wa kulia kama mwanafunzi anayeomba kusema. Mkono haukushuka. Mdomo ulivutika upande mmoja, akaanguka kati ya viti, na mwili wote ukatetemeka mbele ya keki.

Wa kwanza kutoa maelezo alikuwa shangazi. Ni dada ya baba. Aliuza vitenge sokoni kwa miaka mingi, sasa anakaa Muhumba na kuongoza sala za shirika lake, yaani kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaosali nyumba kwa nyumba. Tangu baba afariki, yeye ndiye baba.

"Ile njo karuho," alisema.

Karuho ni sumu. Mtu anakuwekea kidogo kwenye glasi au kwenye mchuzi, anakutazama ukila, anakuuliza habari za watoto, nawe unaanza kufa taratibu bila kumkosea adabu. Bukavu yote inaijua. Hakuna aliyewahi kuiona, jambo ambalo halijawahi kuipunguzia sifa. Watu waliangalia sahani ya kaka, kisha sufuria, kisha mke wangu. Kosa lake lilikuwa kupika.

Hospitali ilimpitisha kaka kwenye skaneri, na daktari wa upasuaji wa kichwa akatuita. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa zamani, wale wa kukaa mbele. Alituonyesha duara moja jeupe juu ya sikio la kushoto.

"Ni jipu," alisema. "Ilitoka ku sikio, ikatoboa mufupa, ikaingia mu ubongo."

"Jipu mu kichwa?" shangazi aliuliza. "Docta, jipu inatokaka ku matako."

"Ata ku kichwa, mama. Na hii ikipasukia ndani, tunamupoteza."

Daktari alitueleza atakachofanya. Ubongo mzima na ubongo mgonjwa, alisema, ukiviangalia hivi hivi vinafanana, vyote vina rangi ya uji. Ukichimba kwa kubahatisha, unaweza kuacha kipande cha ugonjwa, au unaweza kugusa mahali penye maneno ya mtu. Kaka tayari alikuwa amepoteza maneno kadhaa. Kijiko alikuwa anakiita "ile kitu", na mimi pia nilikuwa ile kitu.

"Sasa kuko rangi moja tunapitisha mu mushipa," daktari aliendelea. "Mishipa ya ubongo muzima inafunga muzuri, haivujake. Kwenye kuko bugonjwa, inavuja. Rangi inatokea pale tu. Tunawasha taa ya bluu, tunavaa miwani ya manjano, na ukuta ya jipu inawaka. Tunaona fasi ya kuingia na fasi ya kusimamia."

"Na hiyo rangi munaipata wapi?" niliuliza, ili ionekane kuna mtu aliyesoma upande wetu.

"Kwa bale badocta ba macho. Beko nayo kila siku. Tunabaomba."

Shangazi alikuwa na sharti moja tu: "Ile mutatosha, mutuonyeshe."

Hilo halikuwa sharti geni. Kwetu mtu akipasuliwa, familia huonyeshwa kilichotolewa. Ni heshima, na pia ni namna ya kuhakikisha kazi imefanyika. Nimewahi kuonyeshwa uvimbe wa binamu yangu ndani ya beseni na kibole cha jirani ndani ya kopo, na mara zote mbili niliinamisha kichwa kwa staha, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga. Daktari alikubali.

Tulisubiri kwenye mabenchi ya nje. Mwishowe alitoka, kofia bado kichwani, uso umefurahi. Usaha wenyewe, alisema, umekwenda maabara ili wajue ni dawa gani itauweza, kwa hiyo hakuwa na beseni. Lakini alikuwa na simu. Alikuwa amepiga picha.

Katika picha kulikuwa na giza, na ndani ya giza pete iliyong'aa manjano ya kijani, rangi ya ile kalamu ambayo wanafunzi wangu hupakia mistari muhimu, hadi kitabu kizima kinakuwa muhimu.

"Muone vile inawaka," daktari alisema. Ningekuwa mimi, ningejivuna zaidi.

Shangazi alichukua simu. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akafanya ishara ya msalaba.

"Asante, docta," alisema kwa upole mkubwa. "Myaka yote tunasema karuho iko, batu ba masomo banakatala. Leo muliipiga foto."

Kabla daktari hajapata jibu, mlango ulifunguliwa na kaka akapitishwa mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu. Kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji, naye alikuwa anapumua. Uso, mikono, hata nyayo, vilikuwa vya manjano. Mfuko wa mkojo ulioning'inia pembeni ulikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona popote isipokuwa kwenye chupa za limonadi.

"Ona!" shangazi alinishika mkono. "Inamutoka!"

Kazi iliyobaki ilikuwa kumweka kaka hai. Daktari alisema jipu limekamuliwa na kusafishwa, lakini vijidudu haviondoki siku moja. Kaka alipaswa kulala hospitalini majuma kadhaa, antibiotiki zikiingia kwenye mshipa asubuhi na jioni. Zikikatizwa, jipu lingejaa tena, na daktari hakuahidi kwamba angeweza kuingia mara ya pili.

Shangazi aliona mambo kinyume. Kila mtu anajua, alisema, kwamba karuho na sindano havipatani. Mwenye karuho ukimchoma sindano, unamuua haraka kuliko yule aliyemtegea. Kinachotakiwa ni kutapika. Kulikuwa na mganga wa kienyeji mlimani, nje ya mji, ambaye dawa yake ya mizizi ilimfanya mtu atapike mbele ya mashahidi. Jumamosi gari litakuja. Jamaa wa Luberizi walikuwa wameshakubali kwa simu. Mke wa kaka, aliyebaki na watoto na shamba, alisema yeye atafuata neno la shangazi. Kuhusu kaka mwenyewe, hakuna aliyemuuliza, kwa sababu alikuwa bado anaita dirisha "ile ya hewa".

Wakati huohuo chakula cha mke wangu kilikatazwa kitandani. Hospitali hailishi mgonjwa. Ndugu ndio hupika. Mke wangu alikuja kila siku na sufuria yake, shangazi akaipokea kwa shukrani, akaiweka chini ya kitanda, na jioni mke wangu alirudi nayo ikiwa imejaa. Nyumbani tulikula chakula hicho sisi wenyewe, na nikagundua kwamba nilikuwa natazama kijiko kabla ya kukitia mdomoni. Mke wangu naye aligundua.

"Kula," alisema. "Ukikufa nitajua shangazi yako alikuwa na haki."

Basi niliamua kueleza. Ni ugonjwa wangu. Niliketi na shangazi kwenye korido na nikampa somo zima: nikatumia mfano wa mpira wa kumwagilia bustani, wenye tundu, na maji yaliyotiwa rangi, nikaeleza kwamba maji huonyesha tundu lakini hayakulitoboa, nikaeleza kwamba figo huitoa rangi hiyo kwenye mkojo. Nilisema kwa ufasaha, na kwa muda ambao darasani hulipwa. Nilipomaliza, mwanamume mmoja aliyekuwa anamlinda mgonjwa wa kitanda cha jirani alinisogelea akauliza ninauza chupa moja kwa bei gani.

Shangazi alikuwa amesikiliza yote.

"Mutoto yangu, ulisoma mingi," alisema. "Sasa unijibu hii moja. Weye bakikutia ile rangi, utakuwa manjano?"

"Ndiyo, tantine."

"Ata kama hauna karuho?"

"Ata kama sina."

"Basi bakutie."

"Bamutie," mke wangu alisema kutoka mlangoni. Sikuwa najua kwamba alikuwa amefika.

Lazima nieleze haraka yake. Nina ugonjwa wa sukari, na daktari wa macho alikuwa ameniita mara kadhaa ili aangalie mishipa iliyo nyuma ya jicho. Uchunguzi wenyewe hufanywa kwa rangi ileile, kwenye mshipa wa mkono, kisha mashine inapiga picha. Nilikuwa nimetoa udhuru wa kila aina. Mmoja niliuandika vizuri kiasi kwamba niliuchapisha kama makala.

Siku moja kabla ya Jumamosi ya shangazi, mke wangu alinisindikiza kwa watu wa macho. Walinitia matone ya kupanua mboni, wakanikalisha kidevu juu ya mashine, wakachoma mkono. Rangi ilipanda. Taa zilimulika, moja baada ya nyingine. Kinywani nikasikia ladha ya sarafu.

"Utasikia kutapika kidogo," muuguzi alisema. "Inapitaka. Ukae hapa kwanza."

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa ya manjano safi. Niliomba kioo. Uso pia. Sikuwa na ugonjwa wowote wa kichwa unaojulikana, na nilikuwa manjano kama kaka alivyokuwa siku ya upasuaji. Nilihisi jambo ambalo mwandishi wa makala hulihisi mara chache: nilikuwa ushahidi.

"Ukae kwanza," mke wangu alirudia.

"Itafifia," nilisema, nikaondoka.

Hakuna aliyenikumbusha kuhusu matone. Nje, jua la Bukavu liliingia machoni lote kwa pamoja, bila kupanga foleni. Ua wa hospitali ulikuwa mweupe, watu walikuwa weupe, ngazi hazikuwepo. Nilikwenda huku nimeshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Niliingia wodini, nikahesabu vitanda kwa kuvigonga na magoti, nikasimama wima.

"Tantine," nilisema kwa sauti ya ukumbi wa mihadhara, "uniangalie sasa!"

"Mama yangu!" mwanamume nisiyemjua alipiga kelele, na bakuli likaanguka.

Mke wangu alinishika mabega, akanigeuza. Kitanda cha kaka kilikuwa upande wa pili. Shangazi alikuwa hapo na wanawake wawili wa shirika lake, rozari mkononi. Sala ilikatika katikati.

Kaka aliinua kichwa chake chenye bendeji. Alinitazama kwa muda.

"Mbona huyu iko sawa papayi?" alisema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Tangu aanguke, hilo lilikuwa jina la kwanza la kitu alilolipata bila kusaidiwa. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mke wangu, ambaye hakulia wakati wa kutengwa na sufuria zake, aliangalia dirishani.

Huo ndio wakati niliopaswa kuanza. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache, yenye mpangilio. "Tantine, unaona kwamba mutu muzima..." nilisema, na papo hapo nikatapika.

Beseni lilikuwepo, Mungu ni mwema. Ilikuwa chai tu na kipande cha mkate. Lakini nilitapika kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, nikiwa manjano. Nilipoinua uso, shangazi alikuwa ameinamia beseni akichunguza kilichomo kama fundi anayetafuta kipuri.

"Ata huyu," alisema polepole. "Balibapa bote babili."

Mmoja wa wale wanawake alimwangalia mke wangu. Shangazi alimwona.

"Hapana," alikata. "Mwanamuke haweze kupa bwana yake karuho na mwezi haiyaisha. Huyu iko na mushahara."

"Iko na mushahara," wanawake walikubali.

"Siku bakiiona ile mushahara, baniite," mke wangu alinong'ona nyuma yangu.

"Ni mutu alikuja ku fete ya komunyo," shangazi aliendelea, na sasa alikuwa akijenga hoja kwa namna ambayo ningependa wanafunzi wangu wajifunze. "Alitaka kumaliza batoto ba ndugu yangu. Mukubwa alikula mingi, ikamupanda ku kichwa. Mudogo alikula kidogo, ikabaki mu tumbo. Sasa docta iko na sindano yenye inaifukuzaka. Huyu inamutoka ku kinywa, ule ilimutoka ku mukojo. Basi tunaenda kutafuta nini ku mulima?" Alichukua simu yake. "Gari ya kesho niiachishe. Abaki hapa. Bamutie serumu yote yenye banataka."

Nilifungua mdomo.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu sahihi, lenye sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Kila alichokisema shangazi kilikuwa kinyume cha nilichokuja kuthibitisha, na kilitegemea mwili wangu kama uthibitisho. Nilimtazama kaka. Kwa macho yale ya matone alikuwa doa tu juu ya shuka, na juu yake nilijua kuna mpira mwembamba unaoshuka kutoka kwenye chupa, tone moja baada ya jingine. Kisigino cha mke wangu kikatua juu ya kidole changu cha mguu na kubaki hapo.

"Asante, tantine," nilisema.

"Utapike tena kama ingali mu tumbo," alijibu.

Kisha aliinama chini ya kitanda, akatoa sufuria ya siku hiyo, akafunua mfuniko, akanusa. Alimpa kaka kijiko.

"Hii banaiitaka nini?" alimpima.

Kaka alikifikiria. "Kijiko," alisema.

"Haya, kula."

Alikaa majuma yote aliyotakiwa. Maneno yalirudi moja moja, mengine kwa Kimashi cha kwetu kwanza, mengine kwa Kifaransa cha shule ambacho hatukujua kuwa alikuwa amekihifadhi. Madaktari wa masikio walimfungua na kusafisha mfupa nyuma ya sikio la kushoto, kwa sababu wasingefanya hivyo kichwa kingeambukizwa tena. Nilijiandaa kwa vita vingine, lakini shangazi alikubali kabla hawajamaliza kueleza: huo ndio mlango ambao karuho ilipitia, kwa nini uachwe wazi? Kuhusu mimi, picha za macho zilionyesha mahali padogo panapovuja, na niliambiwa nimefika kwa wakati. Mke wangu alinitajia jambo hilo mara nyingi, nyakati mbalimbali za siku.

Skaneri ya mwisho ilionyesha kovu tu. Asubuhi ya kuondoka, shangazi alikuja na jogoo mkubwa mweupe, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge, akamkabidhi daktari mbele ya wodi nzima.

"Ni kwa batoto yangu bote babili," alisema. "Ule ulimupasua, na huyu ulimutapisha."

Daktari alinigeukia. Hakuwa amewahi kunigusa hata kwa kupima joto. Kaka, aliyevaa shati lake la kusafiria, naye alinigeukia. Mke wangu alikuwa anafunga mabegi, akaacha kufunga.

Nilimshukuru daktari kwa matibabu yangu. Jogoo alipiga mabawa, nikamsaidia kumshika.